Ukuta wa Bustani ya Jamii

Katika nchi ya Ridhaa, ambako wananchi hukubali jambo kabla hawajaulizwa ili kuokoa muda wa serikali, palikuwa na treni iliyochelewa.

Serikali haikuwahi kusema kwamba treni ya mjini imekufa. Aliyesema hivyo alihesabiwa mchochezi. Treni ilikuwa imechelewa tu, na tangazo la kuwaomba radhi abiria lilibandikwa ukutani pale kituo cha Relini. Kituo kikaezuliwa mabati, kikang'olewa milango, kikabebwa madirisha, lakini tangazo likaachwa kwa heshima. Waliokuwa vijana siku linabandikwa sasa walikuwa na wajukuu.

Kwa kuwa treni ingeweza kutokea wakati wowote, ardhi ya reli haikuruhusiwa kutumiwa kwa jambo lolote. Basi ikatumiwa kwa mambo yote: takataka za soko, mizoga ya mbwa, magodoro yaliyokufa, na vibaka waliojificha kwenye magugu wakisubiri mtu mwenye simu. Wakazi wa mtaa wa Relini waliotaka kwenda shuleni au sokoni upande wa pili iliwabidi wazunguke kwa Barabara ya Maendeleo. Hiyo ilikuwa barabara pana kweli kweli. Wataalamu waliijenga bila sehemu ya waenda kwa miguu, kwa sababu utafiti wao ulionyesha kwamba watu walioendelea hawana miguu.

Hapo mtaani aliishi msusi mmoja aitwaye Sikudhani. Saluni yake ilikuwa kibanda cha mbao kilichoipa mgongo reli, na nyumba yake ilikuwa chumba na sebule nyuma ya saluni. Alikaa na baba yake, Mzee Ngasongwa, fundi cherehani wa zamani ambaye macho yake yalizimwa na presha ya macho. Mzee hakuogopa giza. Aliogopa honi. Kila alasiri alitaka kwenda kucheza bao na wenzake karibu na shule, akizisoma kete kwa vidole, na kila alasiri Sikudhani alikiacha kichwa cha mteja nusu mistari nusu mvurugiko, akamshika baba yake mkono, wakapita pembezoni mwa barabara malori yakiwapulizia vumbi usoni.

Alasiri moja lori lilipita karibu mno, kioo chake cha pembeni kikaparura kanzu ya mzee kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Mzee akacheka.

"Ningekuwa bado na cherehani yangu, ningelishukuru kwa kuniletea kazi," alisema.

Sikudhani hakucheka. Alimfikisha baba yake, akarudi, akaazima fyekeo kwa jirani, akashuka relini na kuanza kufyeka. Alifyeka kwa hasira, kama mtu anayempiga mtu. Mteja wake, aliyekuwa amebaki kwenye kiti na kichwa nusu, alimfuata mpaka ukingoni.

"We dada, unatafuta nini huko?"

"Njia."

Mteja alisimama kidogo, akafunga kanga kiunoni, naye akashuka. Keshoye walikuja wanawake wengine, vichwa vingine vimesukwa na vingine bado, na baada yao waume zao, waliokuja kwanza kuwacheka kisha wakaona aibu ya kusimama mikono mfukoni. Walizoa takataka, wakafukia mashimo, wakapanda mikungu na mijohoro kwa ajili ya kivuli. Mataruma, zile mbao za chini ya reli, yaliyokuwa hayajaoza wakayafanya mabenchi. Reli moja waliiacha mahali pake, wakaisugua kutu, kwa sababu Mzee Ngasongwa alikuwa amegundua kwamba akiigonga kwa fimbo yake inamwonyesha njia bila kukosea. Mara ya kwanza alipokwenda peke yake, ting, ting, ting, mpaka kwa wenzake na kurudi, alikaa kwenye benchi mbele ya saluni akaifuta fimbo yake vumbi.

"Vipi, baba?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Nimetoka matembezi."

Miaka ikapita na mikungu ikatoa kivuli. Watoto walipita pale kwenda shule, wagonjwa walipita kwenda zahanati, na jioni watu walikaa tu wakipunga upepo. Hakuna aliyemwomba mtu kibali cha kukaa. Ndiyo maana mambo yakaharibika.

Habari zilimfikia Mheshimiwa Gaudensi Chilumba, Waziri wa Maeneo Wazi, mtu aliyependa maeneo wazi kwa namna ambayo mengi hayakubaki wazi baada yake. Alikuja na msafara, akashuka, akatembea chini ya mikungu huku akitikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akahutubia.

"Ndugu wananchi, nimeona jambo la kuhuzunisha! Nimeona watu wamekaa kivulini bila mwongozo. Nimeona watoto wanatembea bila sera. Najiuliza, taifa huru linawezaje kuwa na bustani ambayo haijazinduliwa? Hawa waliopanda miti hii walikuwa na maono gani? Nani aliwapa maono? Serikali yenu sikivu haiwezi kuvumilia. Tutajenga hapa bustani ya kisasa na njia ya waenda kwa miguu, nayo itaitwa Bustani ya Jamii!"

Watu walipiga makofi. Jina lilikuwa zuri.

Ridhaa ni nchi inayowashirikisha wananchi wake, kwa hiyo mkutano wa kuwashirikisha uliitishwa uwanja wa shule. Aliyeuongoza alikuwa mtendaji wa mtaa, Bwana Shomvi, mwanamume mpole ambaye maishani mwake hakuwahi kumkatalia mtu yeyote aliyekuwa juu yake.

"Anayekubali mradi anyooshe mkono," alisema Bwana Shomvi. "Asiyekubali naye anyooshe mkono, ili tumwone yuko wapi."

Mikono ikanyooshwa, ikapigwa picha. Sikudhani naye alinyoosha, maana alikuwa na swali.

"Mheshimiwa, mimi baba yangu haoni. Wakati mnajenga, atapita wapi?"

Waziri aliinuka kitini. "Swali zuri sana! Hili ni swali la mwananchi mwenye uchungu na nchi yake. Naomba makofi kwa swali hili!"

Makofi yakapigwa, yakarefushwa. Yalipokwisha, swali lilikuwa limeshajibiwa na mkutano ulikuwa umefungwa. Magazeti yalitoa ile picha ya mikono: wakazi wa Relini wakiunga mkono mradi kwa kishindo. Sikudhani alikuwa mbele kabisa, mkono juu, mdomo wazi.

Mradi ulianza kwa kukata miti, ili kupata nafasi ya kupanda miti. Mikungu ilikatwa yote kwa sababu mtaalamu alisema haikuwa miti ya bustani bali miti ya watu. Mabenchi ya mataruma yalichomwa. Reli ya mzee iling'olewa na kupelekwa kuhifadhiwa, na walioihifadhi waliihifadhi vizuri kiasi kwamba haikuonekana tena. Kisha ukajengwa ukuta, mrefu kuliko mtu, mweupe, ukaizunguka ardhi yote ya reli na kuifunga pande zote mbili. Geti lilikuwa moja tu, upande wa barabara kuu, wanakofikia wageni.

"Na upande wa shule?" Sikudhani alimuuliza Bwana Shomvi. "Njia ya waenda kwa miguu inaishia ukutani?"

"Dada Sikudhani, njia ya kisasa siyo lazima ifike mahali," alisema Bwana Shomvi. "Watu wataitembea, wataufikia ukuta, watageuka. Ni mazoezi."

Watoto wakarudi Barabara ya Maendeleo, na Mzee Ngasongwa akarudi nao. Sikudhani alimkataza. Alimwambia asubiri, atampeleka mwenyewe. Lakini mzee alikuwa ameshaonja kutembea peke yake, na mtu akishaonja hilo huwezi kumrudisha kwenye kushikwa mkono kama mtoto mchanga. Alasiri moja Sikudhani akiwa kwenye kichwa cha bibi harusi, mzee alichukua fimbo yake akatoka kimya kimya.

Lori lililomgonga lilikuwa limebeba kokoto za njia ya waenda kwa miguu.

Sikudhani aliusikia mlio wa breki akiwa na rasta mkononi. Alikimbia na chanuo lake. Alimkuta baba yake amelala kwenye kokoto zilizomwagika, mguu mmoja umekuwa kitu kisichotazamika, na dereva, kijana wa watu, amepiga magoti karibu naye akilia kama aliyefiwa. Hospitali wakaukata mguu juu ya goti. Taarifa ya polisi ilisema kwamba ajali ilisababishwa na mtembea kwa miguu aliyekutwa akitembea kwa miguu.

Bwana Shomvi alikuja wodini na ndizi. Alisimama kando ya kitanda, akasafisha koo.

"Poleni sana. Mheshimiwa Waziri ameguswa. Anasema mzee ndiye mwananchi wa kwanza kufikiwa moja kwa moja na mradi."

Sikudhani alimtazama. Akazichukua zile ndizi, akamrudishia mikononi moja moja, akamfungulia mlango wa wodi.

Mzee alipotolewa hospitali, akiwa kwenye kiti cha magurudumu walichochangiwa na majirani, jambo la kwanza aliloomba ni kupelekwa kwa wenzake. Sikudhani alimsukuma mpaka kwenye geti la bustani, akidhani kwamba ndani angalau atapata hewa mbali na honi. Juu ya geti paliandikwa kwa herufi za dhahabu: BUSTANI YA JAMII. Chini yake, kwa herufi nyekundu: MALI YA JAMII. USIPITE.

"Huruhusiwi, mama," alisema mlinzi.

"Si ni mali ya jamii? Jamii ndiyo sisi."

Mlinzi aliona haya. Alikuwa mkazi wa Relini kama yeye. Alishusha sauti.

"Jamii ni kampuni, mama. Imesajiliwa. Jamii Limited. Mkurugenzi wake ni shemeji wa Waziri. Hata mimi nilidhani kama wewe, mpaka nilipopewa hii sare." Akageuza mgongo ili aione. Mgongoni paliandikwa JAMII.

Tangu hapo hasira ya Sikudhani ilibadilika. Ile ya kwanza ilikuwa ya kulia usiku na kugombana na sufuria. Hii ilikuwa imepoa na kuwa ngumu, akaamka nayo na kulala nayo, akasuka nayo vichwa vya watu mpaka wateja wakalalamika kwamba anakaza mno.

Siku ya uzinduzi ilipokaribia, Bwana Shomvi alimjia saluni akiwa na karatasi.

"Dada, kuna wageni wafadhili wanakuja, na wameomba kumsikia mkazi halisi. Tuna jamii ya kutosha, inaletwa kwa mabasi kutoka mkoa mwingine, imeshafundishwa na kucheza. Lakini wageni wanamtaka mkazi. Wewe unajulikana. Ni neno la shukrani tu, nimekuandikia."

"Nitakuja," alisema Sikudhani. "Na baba yangu akae mbele."

Bwana Shomvi alifurahi mno. Alisema mzee mwenye mguu mmoja atawapendeza wageni.

Uzinduzi ulifana. Chini ya mahema walikaa wakubwa. Pembeni walikaa watu wa mabasi, wote wamevaa fulana za JAMII, wakishangilia kila walipopewa ishara. Wakazi wa Relini waliruhusiwa kusimama nyuma ya kamba. Mbele ya njia mpya, iliyotandazwa vigae vyekundu kati ya minazi ya plastiki, ulifungwa utepe. Waziri alihutubia kuhusu maono yake, jinsi alivyoyapata akiwa bafuni, jinsi alivyolia alipofikiria miguu ya wananchi wanyonge. Kisha Sikudhani akaitwa.

Alipanda jukwaani amesuka mistari mipya, karatasi mkononi. Aliitazama, akaikunja.

"Mtendaji ameniandikia shukrani nzuri," alisema. "Lakini nimekuja na yangu. Mimi nalishukuru lori lililomgonga baba yangu."

Watu wa mabasi walishangilia, maana walisikia neno shukrani. Halafu wakanyamaza.

"Nalishukuru kwa sababu lilisimama. Dereva alishuka, akapiga magoti, akalia na sisi. Lori lile lilisimama. Nyinyi hamjasimama mpaka leo. Mlikata miti, mkapita. Mkang'oa reli, mkapita. Mkamkata mtu mguu, mkapita, mkaja kutuletea ndizi. Sasa nampeleka baba yangu kwa wenzake. Mheshimiwa umesema njia hii ni ya kutembea. Natembea."

Akashuka. Akashika kiti cha baba yake. Bwana Shomvi alijaribu kuingia mbele yake, akamtazama usoni, akatoka. Magurudumu ya kiti yakaufikia utepe, utepe ukakatika.

Sasa, bendi ya polisi ilikuwa na amri moja tu: utepe ukikatika, pigeni wimbo wa taifa. Utepe ulikatika, wakapiga. Na wimbo wa taifa wa Ridhaa ni mrefu kuliko nyimbo zote za mataifa, una ubeti kwa kila kiongozi aliyewahi kuongoza na mmoja kwa kila mke wake, na kisheria hakuna mtu anayeruhusiwa kutikisika mpaka uishe. Askari wote wakakakamaa. Waziri akakakamaa, mkono kifuani, akimfuata Sikudhani kwa macho huku shavu likimcheza. Wakazi wa Relini walitazamana. Kisha wakaruka kamba, wakakosa adabu kwa taifa wote kwa pamoja, wakamfuata.

Walitembea juu ya vigae. Waliokuwa na watoto mgongoni walitembea, na yule mlinzi akavua sare yake, akaitundika kwenye mnazi wa plastiki, akatembea. Hakuna aliyeimba wala aliyepiga kelele. Nyuma yao bendi ilikuwa imefika ubeti wa mke wa pili wa kiongozi wa tatu. Mwisho wa njia wakaukuta ukuta. Upande wa pili walisikia kete zikigonga kwenye bao.

"Ondokeni hapo nyuma!" Sikudhani aliwapigia kelele wacheza bao. "Sogeeni mbali na ukuta!"

Alipohakikisha wamesogea, aliweka bega lake. Hakuwa na mpango. Alichokuwa nacho ni miezi ya kuuona ule weupe kila asubuhi. Mwanamke wa pili akaweka bega, wa tatu, kisha mstari mzima. Wakaegemea.

Ukuta ukapumua. Ukapinda katikati kama godoro, ukaanguka wote kwa pamoja, na ulipogusa chini haukuvunjika vipande. Ulimwagika. Ulikuwa mchanga mtupu na chokaa juu yake. Saruji ilikuwa imeliwa yote kabla haijafika.

Mzee Ngasongwa alinusa vumbi lililompanda. "Huu ndio ukuta walioujenga? Mbona unanuka pwani?"

Akacheka, na wenzake upande wa pili wakaisikia sauti yake wakamwita. Sikudhani alimsukuma juu ya ule mchanga, magurudumu yakizama, watu wakakiinua kiti kwa mikono. Alipomfikisha tu, wimbo wa taifa ukaisha.

Walimkamata pale pale. Alishtakiwa kwa kuharibu mali ya jamii na kwa kutikisika wakati wa wimbo wa taifa. Hakimu alikuwa mtu wa haraka, na mwendesha mashtaka alikuwa na uhakika.

"Mshtakiwa, uliuvunja ukuta kwa silaha gani?"

"Niliegemea."

"Nauliza silaha."

"Bega."

Mahakama ikacheka. Hakimu akaamuru kielelezo kiletwe, ili yaonekane matofali yaliyovunjwa. Koplo mmoja, mrefu mwembamba, akaingia na ndoo. Hakimu akachungulia. Akatia mkono, akainua, mchanga ukamtiririka vidoleni mpaka ukaisha. Alimtazama mwendesha mashtaka, naye mwendesha mashtaka alikuwa tayari amemtazama bwana mmoja wa wizara aliyeketi nyuma, na bwana wa wizara alikuwa tayari amesimama akipiga simu. Palikuwa na mnong'ono wa kwenda na kurudi.

"Mashtaka yanafutwa kwa maslahi ya taifa," alisema hakimu. "Kuegemea si kosa. Mama, uko huru. Nenda nyumbani."

"Siendi," alisema Sikudhani.

"Nimesema uko huru."

"Nimesikia. Siutaki uhuru wenu. Nataka kesi yangu. Niulizwe mbele za watu ukuta ule ulikuwa wa nini na nani aliula. Muulizwe nyinyi nani aliyemtoa baba yangu njiani akamweka barabarani. Ukuta nimeuangusha mimi, nakubali, nina hatia. Nihukumu!"

"Huna kesi, mama!"

"Miaka yote mnatutafutia kesi, leo nimejiletea mwenyewe mnanikimbia?" Alizishika nguzo za kizimba kwa mikono miwili. "Nihukumu!"

Hakimu akaondoka mezani bila kusubiri watu wasimame. Ilibidi yule koplo mrefu na mwenzake wamng'oe Sikudhani kizimbani kidole kimoja kimoja, wambebe, wamtue nje juani kwenye ngazi za mahakama. Mwenzake akarudi ndani. Ridhaa ndiyo nchi pekee ambayo mwananchi amewahi kutupwa nje kwa kukataa kuachiwa.

Redio ya duka la jirani ilikuwa ikisoma habari. Mheshimiwa Gaudensi Chilumba alikuwa amepongezwa kwa ubunifu wa ukuta unaofunguka wenyewe, na awamu ya pili ilikuwa imeidhinishwa: ukuta mpya, mnene zaidi, ujenzi uanze mara moja.

Sikudhani alikaa kwenye ngazi akihema. Koplo hakuondoka. Alijifanya anarekebisha mkanda wake.

"Mama," alisema chini chini, bila kumtazama. "Na mimi nakaa Relini. Mke wangu ana mimba, anapita Barabara ya Maendeleo kila siku kwenda kliniki. Mkienda kuegemea tena, mniite."

Sikudhani alimtazama kuanzia kofia mpaka buti. Mtu huyu alikuwa amembeba kama gunia sasa hivi tu.

"Sikuiti," alisema. Akanyanyuka, akajikung'uta vumbi kwenye kanga. "Ukuta unaujua ulipo, na bega unalo."

Akaondoka kwa miguu.